Mdomo wa Bibi Milembe

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mawe ya Buswelu, Precious Nkwabi alikuwa ameshafagia uwanja, ameshateka ndoo mbili kwenye bomba la jirani na ameshamchemshia bibi yake maji ya kunawa. Kazi hizo zote alizifanya huku akizungumza. Alifagia akiwahutubia kuku, akateka maji akiwapa majirani habari za mtaa mzima, na alipopiga mswaki tu ndipo nyumba ilipopumua. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na shuleni hakuna asiyemjua. Katika mdahalo alikuwa hashikiki. Siku ya wazazi yeye ndiye aliyesoma risala. Mwalimu mkuu alizoea kusema, "Huyu mtoto Kiswahili kinamtii." Sifa hizo zilimlewesha kidogo, tusifichane.

Bibi yake aliitwa Milembe, mama mzazi wa baba yake. Alizaliwa Misungwi, akaolewa Misungwi, na kwa zaidi ya miaka arobaini alilima mpunga huko huko, miguu ikiwa ndani ya maji ya majaruba. Babu alipofariki, baba yake Precious, mzee Nkwabi, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alimleta mama yake Buswelu. Hata hivyo, kila mvua za Novemba zilipokaribia, bibi alifunga mzigo wake na kurudi kulima, akaja tena mjini baada ya mavuno. Nani angemzuia?

"Mkininyima jaruba langu," alikuwa akisema, "nichimbieni na kaburi kabisa."

Hayo aliyasema kwa Kisukuma, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu: bei gani, punguza, ahsante. Kwa mambo mengine yote ya mjini, Precious ndiye aliyekuwa mdomo wake. Alimsemea dukani, alimsemea kwa wauza mboga, alimsemea hata kwa mwenyekiti wa mtaa.

Wawili hao walipendana sana. Kwa desturi yao, bibi na mjukuu ni watani na hawaoneani haya. Bibi alimwita Precious "mke mwenzangu", akidai kwamba marehemu babu alimpenda mjukuu kuliko mke aliyemtolea ng'ombe. Precious naye alimjibu kwamba ng'ombe wenyewe walikuwa wamekonda. Ungewasikia wakitupiana maneno ungecheka mpaka ukae chini.

Ndiyo maana, siku moja ya mwezi wa sita, bibi alimwita uani akamweleza jambo ambalo asingeweza kumweleza mtu mwingine yeyote katika nyumba ile.

"Mke mwenzangu, leo siyo utani," alisema kwa Kisukuma. "Nikienda haja ndogo, mwishoni inatoka damu. Inachoma kama pilipili. Huu ni mwezi wa tatu. Baba yako nimemzaa mimi, siwezi kumweleza habari za mkojo wangu. Mama yako ni mkwe wangu, naye siwezi. Nakwambia wewe. Jumamosi unipeleke kwa daktari, na umwambie hivi hivi ninavyokwambia."

"Sawa, bibi. Nitamwambia."

Na kumbe Precious aliujua ugonjwa ule. Wiki chache tu zilizopita mwalimu wa sayansi alikuwa amewafundisha kuhusu kichocho: vijidudu vinavyoishi kwenye maji yaliyotuama, konokono wanaovibeba, watu wanaovipata kwa kukanyaga maji hayo, na damu inayotoka katika mkojo. Katika jaribio swali hilo alilipata lote. Dalili ya kwanza aliyoiandika, kwa mwandiko wa kupendeza, ilikuwa hiyo hiyo.

Jumamosi walifika zahanati mapema. Bibi alishika mkononi daftari lake la matibabu, lile ambalo kila mgonjwa huja nalo ili tabibu aandike humo. Chumba cha tabibu kilikuwa na pazia badala ya mlango, na benchi la wanaosubiri lilikuwa karibu nalo kiasi kwamba magoti ya aliyekaa mwanzo yaligusa kitambaa. Precious aliposikia jina la bibi likiitwa, alinyanyuka kwa mbwembwe zake zote. Hapo ndipo alipomwona Sharon.

Sharon Akelo alikuwa mwanafunzi mwenzake, na ndiye peke yake aliyethubutu kushindana naye kwenye mdahalo. Alikuwa amemleta mdogo wake aliyekuwa akikohoa. Wakatazamana. Wakati Precious na bibi wakiingia, Sharon alisogea akakaa mwanzo wa benchi, hapo hapo penye pazia.

Ndani alikuwepo tabibu Oyoo, kijana mpole kutoka Mara, hajamaliza mwaka Buswelu na Kisukuma hajui hata salamu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Karibuni. Bibi anasumbuliwa na nini?"

Precious alifungua kinywa. Neno lilikuwepo, liko tayari kwenye ulimi. Lakini masikio yake yote yalikuwa nje ya pazia. Aliliona darasa zima Jumatatu. Aliwasikia wakimwimbia, bibi yake Precious anakojoa damu, bibi yake Precious anakojoa damu. Akawaza: huyu si daktari? Kasoma, ana vipimo, atajua mwenyewe. Tena tangu utotoni ameambiwa kwamba mtoto mwenye adabu hataji mambo ya chooni mbele za watu. Basi akachagua maneno yenye adabu.

"Daktari, bibi yangu anasumbuliwa na maumivu ya tumbo, yanayoambatana na uchovu wa mara kwa mara."

Tabibu Oyoo alitabasamu. "Unaongea kama mtangazaji wa redio. Uko darasa la ngapi?"

"La sita."

"Hongera. Tumbo la juu au la chini?"

"La chini."

"Choo anapata vizuri? Na haja ndogo je, haimsumbui?"

Hapo sasa. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, alichotakiwa ni kuingia tu. Bibi alikuwa anatazama midomo yao kwa zamu, kama mtu anayesubiri chenji. Nje ya pazia mdogo wake Sharon alikohoa.

"Viko vizuri tu, daktari."

Tabibu akaandika. Bibi akamgusa mjukuu wake kiwiko na kumuuliza kwa Kisukuma, "Umemwambia ile ya damu?"

"Nimemwambia, bibi."

Watoto hudhani uongo ni ule wa kuiba sukari. Huu ulikuwa na maneno mawili tu na haukuiba kitu chochote. Bibi alimshukuru tabibu kwa kupiga makofi na kusema "wabeja", akapewa dawa za minyoo na vidonge vya kutuliza maumivu, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili asipopata nafuu. Walipotoka, Sharon alimsalimia bibi kwa heshima, akapiga goti kidogo. Wala hakuwa na habari nao, alikuwa akimfuta mdogo wake kamasi.

Wiki mbili zikapita, nafuu haikuja.

"Mke mwenzangu," bibi aliuliza, "zile ndizo dawa za damu?"

Precious alikuwa akiosha vyombo. Angeweza kusema siku ile. Angesema, bibi, nilikosea, turudi. Lakini kurudi kulimaanisha kwamba tabibu angemuuliza mbona hukusema, na bibi angemuuliza mbona ulisema umesema. Uongo wa kwanza ulikuwa unadai mwenzake.

"Ndizo, bibi. Daktari alisema zinafanya kazi taratibu."

Basi bibi akavumilia. Ndivyo walivyo wakulima wa mpunga, wamezoea kupanda na kungoja. Precious aliporudi shuleni alimkuta amekaa kivulini ameshika kiuno, na akiulizwa alisema tu kwamba ugonjwa huu ni mkaidi lakini daktari ameshaujua. Mwanawe alipomuuliza, alimjibu kwamba ni tumbo la uzee. Mwezi wa saba ukapita, wa nane, wa tisa. Bibi alipungua mpaka khanga ikawa inamzunguka mara mbili. Utani nao ulipungua. Usiku Precious alimsikia akienda chooni mara tatu, mara nne, akivuta pumzi kwa nguvu, na yeye alijifunika shuka mpaka kichwani.

Novemba ilipoingia, bibi alitoa jembe lake la mkono na kulinoa. Alifunga mzigo wa Misungwi. Asubuhi ya safari alishindwa kunyanyuka kitandani. Tumbo lilikuwa limejaa, mwili unawaka homa, na tangu jana yake mkojo ulikuwa umegoma kutoka kabisa. Mzee Nkwabi aliita bajaji, akambeba mama yake mikononi kama mtoto, na Precious akapanda nao kwa sababu daftari la matibabu alikuwa nalo yeye.

Katika hospitali kubwa ya mjini walipokelewa na nesi Odeta, mama mtu mzima, mwenyeji wa Sengerema, aliyekijua Kisukuma tangu utoto. Kwanza bibi aliwekewa mpira wa kumtolea mkojo. Kilichotoka kilikuwa chekundu. Mzee Nkwabi aligeuza uso akatazama ukuta. Bibi alipotulia, nesi alivuta kiti akamwinamia, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mama. Haya yameanza lini?"

Bibi alishangaa kusikia lugha yake katika chumba kile. Akaeleza yote bila kumung'unya neno: damu, moto, kiuno, usiku wa kuamka mara nne. Mwishoni akasema, "Lakini haya yote mnayajua. Niliyaeleza tangu mwezi wa sita, mkanipa dawa."

Nesi Odeta aliomba daftari. Alisoma ukurasa ule mara mbili, kisha akamgeukia mzee Nkwabi.

"Baba, hapa imeandikwa maumivu ya tumbo na uchovu. Haja ndogo haina shida. Damu haijatajwa popote. Nani alikuwa akimsemea mama siku hiyo?"

Mzee Nkwabi alimtazama mwanawe, na Precious, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu ajue kuongea, aliangalia viatu vyake.

"Wanasemaje?" bibi aliuliza kutoka kitandani. "Mke mwenzangu, niambie. Daftari linasemaje?"

Nesi alimpa Precious daftari. "Mwambie wewe," alisema. "Ni neno lako, siyo langu."

Precious akaanza. Alianza kwa kusema kwamba siku ile kulikuwa na watu wengi, kwamba pazia lilikuwa fupi, kwamba kuna mambo ambayo si rahisi kuyaeleza kwa ukamilifu wake. Alizunguka mbuyu wee, mpaka baba yake akamkata.

"Precious. Bibi kauliza swali moja."

Machozi yakamtoka. "Bibi, sikumwambia daktari kuhusu damu. Niliona haya. Halafu nikakudanganya kwamba nimemwambia."

Bibi Milembe hakupiga kelele wala hakulia. Alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kama anayejaribu kukumbuka alimwona wapi mtu huyu. Kisha akageukia ukutani.

Vipimo vilionyesha ni kichocho. Daktari wa wodi alimweleza mzee Nkwabi kwamba vidonge vya kukitibu vipo na bibi atapewa, lakini vidonge hivyo vingemfaa zaidi miezi mitano iliyopita. Sasa kibofu kimekakamaa, figo moja imeharibika, na mpira ule utabaki kwa muda usiojulikana. Kuhusu kulima, alisema, hilo lisahauliwe. Mwezi uleule majaruba ya Misungwi yalikabidhiwa kwa Luhende, mtoto wa shemeji yake bibi. Jembe alilolinoa aliomba wampelekee na lenyewe, asilione.

Nyumbani mzee Nkwabi hakumchapa Precious. Ingekuwa nafuu kama angemchapa. Alimwambia tu, akiwa anavua gwanda lake la kazi, "Mimi nilikuwa najisifu kwa mafundi wenzangu kwamba nina mtoto anayejua kuongea." Kisha akaingia ndani.

Bibi naye alimsamehe, au angalau alisema hivyo. Alikula alichopikiwa na Precious, alimwacha amfulie. Ila kila alipokwenda hospitali kusafishwa mpira, alimng'ang'ania nesi Odeta amfundishe jambo fulani, na Precious alipokaribia walinyamaza.

Januari walirudi kliniki, Precious na bibi, wawili tu. Daktari wa siku hiyo alikuwa mgeni, ndiyo kwanza amehamia Mwanza. Nesi Odeta alikuwepo akipanga mafaili.

"Bibi anaendeleaje?" daktari aliuliza, akimtazama Precious. Precious akavuta pumzi. Alikuwa amejiandaa usiku kucha, kila neno amelipima. Bibi akainua kiganja, akamzuia.

"Mimi sema," alisema Bibi Milembe kwa Kiswahili.

Akakaa sawa juu ya kitanda cha kupimia wagonjwa. Maneno yalitoka moja moja, mengine yamevunjika miguu, lakini kila moja lilifika.

"Mimi kojoa damu. Zamani nyingi, leo kidogo. Hapa nauma." Akagusa kiuno upande wa kushoto. "Usiku nauma sana. Homa hapana."

"Nimekuelewa kabisa, bibi," daktari alisema, na akaanza kuandika.

Bibi akamgeukia mjukuu wake, akarudi kwenye Kisukuma. "Sina kinyongo na wewe, mwanangu. Ila mambo ya mwili wangu nitayasema mwenyewe, hata kwa kuyavunja."

Precious alishindwa kuvumilia. Alitoka nje ya chumba akasimama dirishani, na nesi Odeta akamfuata. Hakumbembeleza. Alisimama naye tu mpaka kwikwi zikapungua.

"Nataka unisikilize, maana sitarudia," alisema. "Umefundishwa adabu, na adabu ni nzuri. Mezani tumia neno la mezani. Mbele ya wageni tafuta neno la kusitiri. Lakini mbele ya daktari neno zuri ni lile linaloonyesha ugonjwa ulipo, hata kama linakuchoma mdomoni. Kuongea vizuri siyo kusifiwa, Precious. Ni mwenzako kuelewa anachopaswa kuelewa ili afanye anachopaswa kufanya. Bibi yako amesema maneno machache, yote mabovu, na daktari ameelewa. Wewe ulisema sentensi safi kabisa, na imemgharimu figo."

"Ndiyo, nesi."

"Na jambo la pili. Watu husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Bibi yako hakuficha maradhi. Yalifichwa na mtu mwingine, lakini aliyeumbuka ni bibi. Ukipewa neno la mtu ulifikishe, lifikishe lilivyo. Ukikosea, rudi siku hiyo hiyo useme umekosea. Aibu ya siku moja haijaua mtu."

Precious alitafuta la kujibu. Alikuwa na maneno mengi, na mengi yake yalikuwa mazuri. Akayaacha yote.

"Nimekosa," alisema.

Waliporudi ndani daktari alikuwa amemaliza. Bibi aliteremka kitandani polepole, na Precious akaushika mfuko wa mkojo kwa mkono mmoja ili mpira usivutike, mkono mwingine akampa bibi aegemee. Hakuufunika kwa khanga kama walivyokuwa wakifanya. Ukumbi ulikuwa umejaa watu. Watoto walikodoa macho. Mama mmoja aliyepakata mtoto aliwasogezea miguu wapite, akauliza kwa huruma, "Pole sana, bibi. Anaumwa nini?"

Ukumbi mzima ukageuka kusikiliza, au ndivyo Precious alivyoona.

"Kichocho," alisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Alikuwa anakojoa damu, akanituma nimwambie daktari, na mimi sikumwambia."

Bibi Milembe alikuwa amelitambua lile neno damu, akamtazama mjukuu wake kidogo, kisha akaushika mkono wake vizuri, wakaendelea kutembea.